Mwanafunzi wa sheria na faili lake la kwanza

Ofisi za mawakili wa Nairobi hupokea wanafunzi wa namna mbili. Wapo wa vyuo vikuu, wanaokuja kwa wiki chache za mafunzo ya kazini kabla ya kumaliza shahada, na wapo wa Kenya School of Law kule Karen, ambao sharti wakae miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka 5 kabla ya kuomba kuapishwa. Wote hubeba kitabu cha kumbukumbu cha kujazwa na kutiwa saini na msimamizi. Ukivifungua vitabu hivyo utakuta sentensi zinazofanana: "Leo nimejifunza umuhimu wa kutunza wakati." "Nimejifunza kushirikiana na wenzangu." Sentensi hizo zingeweza kuandikwa na mtu aliyekuwa benki au hotelini wiki hiyo hiyo. Hazisemi lolote kuhusu sheria.

Nashikilia kwamba mafunzo haya yana jambo moja kubwa la kufundisha ambalo darasani halionekani: jinsi haki ya mtu inavyookoka au kupotea kwa sababu ya tarehe, muhuri, saini au ukurasa mmoja. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake na kuliandika kwa usahihi, hata wiki 6 zinamfaa. Asipoliona, miezi 6 inaisha kwa kupeleka bahasha.

Kulisoma faili

Kazi ya kwanza huwa: "Hebu lisome hili faili, kisha uniambie tumefika wapi." Inaonekana kazi rahisi. Mwanafunzi hulifungua juu, akasoma barua ya mwisho, akaja na jibu. Jibu hilo mara nyingi si sahihi, kwa sababu barua ya mwisho inaeleza alichotaka mtu mmoja siku moja, haielezi kesi ilipo.

Faili la wakili husomwa kutoka chini kwenda juu. Ofisi nyingi hutenganisha: barua upande mmoja, hati za mahakama upande wa pili, na mahali fulani kati yake karatasi za mahudhurio, yaani yale wakili au karani aliyoandika kila kesi ilipoitwa. Anza na maagizo ya mteja. Fuata barua ya madai, kisha hati ya madai, utetezi, maombi ya katikati (yaani yanayoletwa kesi ikiwa bado inaendelea), na amri moja baada ya nyingine. Unapoendelea, andika kwenye karatasi moja: wahusika na mawakili wao, mahakama na nambari ya kesi, hatua iliyofikiwa, maneno ya amri ya mwisho, nani anatakiwa kufanya nini na lini, na tarehe ijayo.

Halafu linganisha karatasi hiyo na mfumo wa mahakama. Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi huwasilishwa kwa mtandao, na ndiyo maana nambari zake zina herufi E mbele ya tarakimu. Hati iliyowekwa na upande wa pili inaweza kuwa kwenye mfumo huku faili la kabatini halina habari nayo. Angalia pia orodha ya kesi inayotolewa na mahakama. Mwanafunzi anayegundua kwamba mdaiwa aliweka utetezi wiki tatu zilizopita, na ofisi haijauona, ameifaa ofisi kuliko aliyeandika kurasa kumi za maoni ya kisheria.

Mianya kwenye karatasi za mahudhurio ina maana kubwa. Kama kesi ilitajwa Machi na karatasi inayofuata ni ya Septemba, kuna kitu kilitokea katikati au hakuna kilichotokea, na yote mawili ni ya kutia wasiwasi. Kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, Agizo la 17 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za 2010 linaruhusu itupwe baada ya notisi ya kueleza kwa nini isitupwe.

Kuhesabu siku

Kama ningeruhusiwa kufundisha ujuzi mmoja tu, ningechagua huu. Kila mwanafunzi anaweza kukutajia kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya madhara kama ajali miaka 3, ya ardhi miaka 12. Wachache wanaweza kuchukua kalenda na kukuonyesha siku yenyewe.

Chukua mfano. Hukumu ya hakimu imesomwa Jumanne, 3 Machi 2026, na mteja anataka kukata rufaa Mahakama Kuu. Kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinampa siku 30. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo tarehe 4 Machi ndiyo ya kwanza. Kutoka tarehe 4 hadi 31 Machi ni siku 28. Tarehe 1 Aprili ni ya 29, tarehe 2 Aprili ni ya 30, nayo ni Alhamisi. Muda umeishia hapo. Sasa sogeza hukumu mbele kwa siku moja tu, Jumatano tarehe 4 Machi. Siku ya 30 inaangukia tarehe 3 Aprili, Ijumaa Kuu. Kifungu cha 57 cha sheria ya kufasiri sheria, Sura ya 2, kinasema siku ya mwisho ikiwa Jumapili, sikukuu ya umma au siku isiyo ya kazi, muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Jumamosi haifai, Jumapili ni Pasaka, Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu. Siku ya mwisho inakuwa Jumanne tarehe 7. Hukumu mbili zilizopishana kwa siku moja zimeachana kwa siku tano mwishoni.

Ajabu ni kwamba kosa la kawaida haliko kwenye sikukuu. Liko kwenye kusubiri nakala. Mwanafunzi anaambiwa aandae rufaa, anaomba mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, anakaa kuusubiri, na siku 30 zinapita. Hati ya rufaa iwasilishwe kwanza, mwenendo utafuata. Rufaa ya kwenda Mahakama ya Rufaa ina hesabu yake: notisi ndani ya siku 14, kisha rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 tangu notisi iwasilishwe. Muda ambao masjala ilitumia kuandaa mwenendo unaweza kuondolewa kwenye hizo 60, lakini tu kama barua ya kuuomba iliandikwa ndani ya siku 30 za uamuzi na nakala yake ikapelekwa kwa upande wa pili. Nakala hiyo ndiyo husahaulika. Barua ipo, muhuri wa masjala upo, ila mpinzani hakuipata, na ukurasa huo mmoja unaweza kuizamisha rufaa nzima.

Kuna pia likizo ya Desemba. Agizo la 50, kanuni ya 4, la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai linaondoa siku zote kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari katika hesabu ya kuwasilisha hati. Wanafunzi huipenda kanuni hii na kuitumia kila mahali. Inahusu muda uliowekwa na Kanuni hizo au na amri ya mahakama, na haigusi maombi ya zuio la muda. Usiibebe ukaipeleka kwenye ukomo wa madai ya ajali ukidhani umepata wiki tatu za bure.

Kila tarehe ya mwisho iingizwe mara mbili kwenye shajara ya ofisi: siku yenyewe, na wiki moja kabla. Andika pembeni kanuni uliyotumia, ili atakayeisoma aweze kukukosoa.

Mteja mbele ya meza

Chumba cha mahojiano ndipo mwanafunzi wa Nairobi anapokutana na pengo la lugha ambalo vitabu vyake havikumwambia. Hati zote zitaandikwa kwa Kiingereza. Mteja anaeleza kwa Kiswahili, pengine kilichochanganyika na Sheng au lugha ya nyumbani. Sheria inaruhusu Kiswahili katika mahakama za mahakimu, na shahidi atajibu maswali kwa Kiswahili huku taarifa yake iliyo mbele ya hakimu ikiwa ya Kiingereza. Hapo ndipo mambo huharibika.

Mama aliyegongwa akivuka Jogoo Road anasema: "Nilikuwa nimefika katikati, matatu moja ikasimama, ile ya nyuma ikapita kando ndiyo ikanigonga." Mwanafunzi anaandika kwamba alikuwa akivuka kihalali na kwa uangalifu wote unaostahili, pale dereva alipoendesha kwa uzembe uliokithiri. Matatu iliyosimama imetoweka. Ile iliyopita kando imetoweka. Siku ya kusikizwa, wakili wa mdaiwa anamuuliza mama "uangalifu unaostahili" ni nini, mama ananyamaza, na ukweli wake mzuri haupo kwenye karatasi. Taarifa ya shahidi ifuate maneno na mpangilio wa shahidi. Ukimaliza, msomee kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, naye akisema "hapo sikusema hivyo", badilisha. Kwa mteja asiyejua kusoma, hati ya kiapo lazima ionyeshe kwamba alisomewa na akaonekana kuelewa kabla ya kutia alama yake.

Utaratibu wa maswali una maana. Mpe nafasi aseme yote kwanza: "Mama, nieleze tangu ulipotoka nyumbani siku hiyo." Usimkatize kwa dakika kumi za mwanzo. Mzunguko wa pili ndio wa tarehe, majina, mahali na nambari. Wa tatu ni wa karatasi: abstrakti ya polisi (dondoo la taarifa ya ajali), fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari kuhusu majeraha), maelezo ya hospitali, risiti za dawa na nauli. Risiti ya mkono isiyo na tarehe haina nguvu, na ni heri mteja aambiwe leo kuliko aje kuambiwa akiwa kizimbani.

Swali moja lisikose: gari lilikuwa la nani? Mteja akikumbuka kwamba nambari ilianza na GK, alama ya magari ya Serikali, hesabu yote inabadilika. Madai ya madhara dhidi ya Serikali yana ukomo wa miezi 12, siyo miaka 3. Mwanafunzi aliyesahau kuuliza ataliweka faili kwenye rundo la "bado kuna muda", na litakaa humo hadi muda uishe. Rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, itathibitisha mwenye gari ni nani. Kwa kampuni, hati ya CR12 itaonyesha wakurugenzi na ofisi iliyosajiliwa, nayo utaihitaji tena utakapofika kwenye samansi, yaani wito wa mahakama kwa mdaiwa.

Siri ya mteja inamfunga mwanafunzi kama inavyomfunga wakili, na Sheria ya Ushahidi inaitaja wazi kazi ya makarani na wakalimani. Faili halisomwi ndani ya matatu. Picha ya meza yako ya kazi haiendi kwenye mitandao, hata kama unaona maandishi hayasomeki.

Hati ya kiapo, ukurasa kwa ukurasa

Hii ndiyo hati ambayo mwanafunzi ataiandaa mara nyingi zaidi, na ndiyo inayopingwa kwa sababu ndogo zaidi. Ichukue mkononi uitazame.

Juu kuna jina la mahakama, nambari ya kesi na wahusika. Nambari moja ikikosewa, hati inaishia kwenye faili la watu wengine. Chini yake mwapaji anajitaja, anaeleza anakoishi, kisha anasema kwa nafsi ya kwanza, katika aya zenye nambari zinazofuatana. Kila aya ibebe jambo moja. Kama jambo analijua mwenyewe, aseme hivyo. Kama aliambiwa, amtaje aliyemwambia, na hilo linakubalika kwenye maombi ya katikati tu. Hoja za sheria hazina nafasi humo. Mteja haapi kwamba kifungu fulani kimevunjwa. Anaapa kwamba mlango wake ulifungwa kwa kufuli jipya Jumatatu asubuhi.

Mwishoni kuna sehemu ya kiapo chenyewe: mahali, tarehe, saini ya mwapaji, saini na muhuri wa kamishna wa viapo. Hakikisha sehemu hiyo haijaangukia peke yake kwenye ukurasa mpya usio na aya hata moja, kwa sababu mpinzani atauliza ukurasa huo ulitoka hati gani. Kila kielelezo kiwe na alama yake, kwa mfano JM-1, JM-2, na muhuri wa kamishna juu ya kila kimoja. Alama iliyo kwenye aya ilingane na iliyo kwenye kielelezo. Tazama tarehe pia: kiapo cha tarehe 10 hakiwezi kuambatanisha barua ya tarehe 12, ingawa hutokea kila rasimu inapochelewa kusainiwa.

Kamishna hawezi kuwa wakili wa upande wowote katika kesi hiyo, ndiyo maana hati huvushwa hadi ofisi nyingine, ghorofa ya chini au ng'ambo ya barabara. Na hapa kuna jambo ninalomsihi kila mwanafunzi alikatae. Atapewa hati iliyosainiwa na mteja ambaye hayupo, aambiwe aipeleke ikapigwe muhuri. Maana ya kiapo ni kwamba mtu alisimama mbele ya kamishna. Mteja akiulizwa mahakamani alisaini wapi na mbele ya nani, atasema ukweli, na hati itaanguka. Unaweza kulisema kwa heshima: "Wakili, mteja anaweza kufika kesho asubuhi, nitampeleka mwenyewe kwa kamishna." Msimamizi mwema atashukuru.

Kuwasilisha, kisha samansi

Kuwasilisha kwenyewe ni kazi ya nusu saa ukijipanga. Hati ya madai huandamana na kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizosainiwa, na nakala za nyaraka, ikiwemo barua ya madai. Zipe kurasa zote nambari moja inayoendelea, tengeneza faharasa, skani kwa uwazi wa kusomeka bila faili kuwa zito. Chagua mahakama sahihi kwenye mfumo: Mahakama ya Madai Madogo inaishia shilingi milioni 1, hakimu mkuu milioni 20, na kati yao kila daraja la hakimu lina kikomo chake. Mfumo utatoa ankara. Hapo ndipo wanafunzi huondoka wakidhani wamemaliza. Hati isiyolipiwa ada haijawasilishwa, hata kama inaonekana kwenye skrini. Lipa, subiri risiti, rudi upakue nakala yenye muhuri wa mahakama, na uiweke kwenye faili siku hiyo hiyo.

Samansi zinahitaji uangalifu wa pekee. Zichukuliwe ndani ya siku 30 tangu kutolewa, la sivyo kesi inakufa yenyewe. Zina uhai wa miezi 12. Mdaiwa akishapewa ana muda ulioandikwa kwenye samansi, usiopungua siku 10, wa kujitokeza, kisha siku 14 za kuweka utetezi. Asipofanya hivyo unaweza kuomba hukumu ya kutofika. Hukumu ya namna hiyo haina nguvu kuliko kiapo cha aliyepeleka samansi. Ikiwa samansi hazikupelekwa ipasavyo, hukumu inafutwa, hata kama mdaiwa hana utetezi wowote wa maana.

Kwa hiyo mwanafunzi akisome kiapo hicho kwa jicho la mpinzani. Samansi zilipelekwa wapi, siku gani, saa ngapi? Aliyezipokea ni nani, na mpelekaji alimjuaje? "Nilimkuta mtu ofisini akakataa kusaini" haitoshi. Kampuni hupelekewa kupitia katibu, mkurugenzi au ofisa wake mkuu, na kanuni zinaeleza la kufanya wasipopatikana. Askari wa getini Westlands hayumo kwenye orodha hiyo, wala dada wa mapokezi, mpaka umeonyesha kwamba uliwatafuta wanaotakiwa kwanza.

Tangu mabadiliko ya 2020, samansi zinaweza kwenda kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu kama WhatsApp, kwa anwani au nambari ya mwisho ambayo mdaiwa anajulikana kuitumia. Kila mtu amelipokea hilo kwa furaha na wengi wanalifanya vibaya. Picha ya skrini inayoonyesha jina "Kamau Mdaiwa" haithibitishi chochote, kwa kuwa jina hilo umeliandika wewe kwenye simu yako. Fungua maelezo ya mawasiliano ili nambari ionekane. Ambatanisha kitu kinachounganisha nambari na mtu: mkataba alioutia nambari hiyo, au ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake. Alama mbili za tiki zinaonyesha ujumbe umefika. Tiki moja maana yake haujafika, na huna cha kuapa. Barua pepe nayo itumwe ndani ya saa za kazi. Ya saa 3 usiku huhesabiwa siku ya kazi inayofuata.

Mahakamani

Kwenye mahakama za Milimani, Nairobi, asubuhi kuna msongamano, na sehemu kubwa ya kesi sasa hutajwa kwa mtandao kupitia Microsoft Teams. Mwanafunzi hana ruhusa ya kusimama kumwakilisha mteja. Kazi yake ni kusikiliza na kuandika. Kesi kutajwa huchukua dakika moja au mbili, na ndani ya dakika hizo zinatamkwa amri zitakazoendesha ofisi kwa mwezi mzima. Andiko la mahudhurio linalofaa ni hili:

"Mbele ya Mhe. Hakimu Mkuu. Wakili wa mdai: yupo. Wakili wa mdaiwa: hayupo, hakuna aliyeshika brifu (aliyesimama kwa niaba yake). Amri: mdaiwa apewe siku 14 kuwasilisha taarifa za mashahidi na nyaraka. Kutajwa 20 Mei saa 3 asubuhi, kwa mtandao, kuthibitisha utayari. Mdai atoe notisi."

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mdai ndiye wa kutoa notisi ya kutajwa, kuipeleka kwa upande wa pili na kuweka kiapo cha kuthibitisha kwamba aliipeleka. Mwanafunzi aliyeandika "imeahirishwa hadi 20 Mei" ameipoteza kazi hiyo. Tarehe 20 Mei upande wa pili hautafika, hakimu atauliza kama walipewa notisi, na kesi itaahirishwa tena kwa gharama ya mteja. Andika amri kwa maneno ya hakimu kadiri unavyoweza. Kama hukusikia vizuri, muulize karani wa mahakama mara moja, kwa adabu, kabla hajaita kesi nyingine nyingi.

Utafiti nitaugusia tu, kwa sababu wanafunzi huwa hodari humo. Maamuzi yako bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973 itatajwa kwenye kila ombi la zuio, na hakuna ubaya. Ubaya ni kunukuu uamuzi wa Mahakama Kuu uliokwisha kutenguliwa kwenye rufaa. Tafuta jina la kesi tena, katika mahakama za juu, kabla ya kuliandika. Na usome aya yenyewe unayoinukuu, kwa kuwa huenda jaji alikuwa akieleza hoja ya wakili aliyeshindwa.

Kitabu cha kumbukumbu

Sasa kuhusu kile kitabu. Sehemu ya kuandikia ni ndogo, lakini inatosha mambo manne yenye uzito. Kazi niliyopewa. Kanuni inayoiongoza. Nilichodhani kabla ya kuanza, na faili likanionyesha nini. Nitakachoangalia safari ijayo. Kwa mfano:

"Kuandaa ombi la hukumu ya kutofika. Agizo la 10. Nilidhani siku zinahesabiwa tangu samansi zilipotolewa. Zinahesabiwa tangu zilipopokelewa. Kiapo cha kupeleka hakisemi mpokeaji alitambuliwaje, hivyo ombi limekwama. Safari ijayo nisome kiapo hicho kabla ya kuandika ombi."

Hakuna jina la mteja wala nambari ya kesi, na havistahili kuwepo, maana kitabu hicho kitasomwa chuoni. Lakini mhadhiri akikisoma anajua mwanafunzi huyu alikuwa ofisini, na alielewa nini. Kikijazwa hivyo, kinamsaidia mwanafunzi kugundua kwamba kwa wiki tatu hajafanya lolote ila kupeleka hati masjala, naye anaweza kwenda kwa msimamizi na kuomba: "Naomba nihudhurie mahojiano ya mteja mara moja wiki hii." Ombi mahususi husikizwa. Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa ahadi.

Wasimamizi nao wana wajibu, na wengine hawautimizi. Wapo wanaopokea wanafunzi wengi kuliko meza walizo nazo, hawawalipi hata nauli ya kutoka Rongai au Kahawa, kisha wanasaini kitabu chote siku ya mwisho bila kukisoma. Hilo ni kuwadhulumu. Dakika kumi Ijumaa jioni, msimamizi akiwa na rasimu ya mwanafunzi na kalamu nyekundu, zina faida kuliko barua nzuri ya sifa mwishoni. Mwanafunzi aombe rasimu yake irudishwe ikiwa na masahihisho, aiweke kando ya ile iliyowasilishwa, na alinganishe mstari kwa mstari.

Wiki ya mwisho iwe ya makabidhiano. Kwa kila faili ulilogusa, andika ukurasa mmoja: nambari, hatua, amri ya mwisho, tarehe ijayo, kazi iliyobaki na siku yake ya mwisho. Rudisha ruhusa yoyote uliyopewa ya kuingia kwenye mfumo wa mahakama, na ufute hati za wateja kwenye simu na kompyuta yako. Nyaraka asili, iwe hatimiliki, cheti au abstrakti, zihesabiwe mbele ya karani wa ofisi, orodha itiwe saini na ninyi wawili, na nakala yake ibaki ndani ya faili.